Maziwa Yaliyoiva

Jumatatu, 12 Januari

Miguu imevimba tena. Viatu vya kazini vimenikataa, nimekwenda stendi na ndala. Bosi kanitazama miguuni, akafungua mdomo, akaufunga. Heri yake.

Mvua tangu alfajiri. Basi la Tunduru limejaa, la Mbinga limeondoka na viti vitupu. Abiria mmoja kanigombeza dirishani pa tiketi kwa sababu siti yake iko juu ya tairi, utadhani basi nimelichonga mimi. Nimemjibu vibaya. Sijutii.

Nyumbani mama mkwe kapanga upya jiko. Mara ya pili hii. Sioni mwiko, sioni chujio, sioni kitu. Alikuja kabla ya Krismasi kutoka Mpitimbi, ndoo kichwani na kuku kwapani, akasema haondoki mpaka mtoto alione jua. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, wanasema. Huyu jembe alilichukua mwenyewe siku ya kwanza. Nyuma ya nyumba sasa kuna maharage mpaka ukutani kwa jirani.

Deo yuko Tunduru kwa dalali wake wa madini, anarudi akipata nafasi. Kwa hiyo ni mimi na mama yake, na tumbo la mwezi wa saba katikati yetu.

Sina haki ya kulalamika. Mama ananilea. Mdogo wake anatuma maziwa kwa gari la Mpitimbi, mama anayagandisha, yakishakuwa tayari anaweka kwenye friji. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Mgando mzito, unachota na kijiko kama uji wa mgonjwa. Sijawahi kunywa mtamu hivyo, na mdomo wangu siku hizi unakataa kila kitu kingine. Friji lenyewe mama analiheshimu kuliko paroko. Kilichoingia humo, kwake, hakiharibiki mpaka kiama.

Mimba ya kwanza ilitoka mwaka juzi. Hatuizungumzii. Lakini ndiyo inayomfanya mama asitulie, na ndiyo inayonifanya mimi nisilale. Hii nikiipoteza sijui nitakuwa mtu gani.

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunipa ushauri.


Alhamisi, 15 Januari

Mgongo. Shingo. Mwili wote kama nimelima matuta ya watu.

Zubeda kaja baada ya kazi. Tunakaa dirisha moja pale stendi, yeye anakata tiketi za Dar, mimi za humu humu mkoani. Ni Myao wa Namasakata, ulimi haumkauki. Kakaribishwa mgando, kapiga vikombe viwili, akasema sasa kaelewa kwa nini Wangoni walitembea kutoka kusini yote ile: walikuwa wanafuata ng'ombe. Mama kacheka mpaka kanga ikamdondoka. Wanapendana hao wawili. Wakikaa pamoja mimi nageuka mgeni kwangu.

Jioni mama kampelekea jagi Mzee Ngonyani wa nyumba ya pili. Mzee ana kisukari, miguu mibovu, mke alishatangulia. Mama anasema wazee na wajawazito ndio wa kupewa maziwa kwanza, wengine baadaye. Ni mtu mwema. Nikiandika kwamba ananichosha nimeandika pia kwamba ni mtu mwema.

Sijala chakula cha usiku. Kikombe tu.


Jumapili, 18 Januari

Nimetoka kanisani kabla ya komunyo. Watu wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo, mimi meno yanagongana. Mama kavua kitenge chake cha juu akanifunika, akanitoa nje amenishika kiuno mbele ya waumini wote. Aibu. Halafu sikuwa na nguvu hata ya kuona aibu.

Blanketi mchana kutwa. Kichwa kinauma nyuma ya macho. Tumbo limeharisha kidogo.

Malaria, tumesema. Nani Songea hajui malaria.


Jumatatu, 19 Januari

Malaria hakuna. Zahanati wamenitoboa kidole, wamenitoboa tena kwa sababu nilibisha. Hakuna.

Basi wakapima mkojo. UTI. Nilijua. Mji huu malaria ikikosekana UTI haikosekani. Nimepewa vidonge nimerudi.

Mama kanijazia kikombe kikubwa cha mgando nimezee, maana dawa zinachoma tumbo tupu.


Jumatano, 21 Januari

Homa inaondoka asubuhi inarudi saa ya jua kali. Ikiondoka nasema nimepona, navaa, nakwenda kazini. Leo nimemkatia bibi mmoja tiketi ya Mbinga, yeye anakwenda Namtumbo. Kabishana na kondakta mpaka wakamshusha. Bosi kaniambia nirudi nyumbani kwa sauti ya upole. Upole wake umenitisha kuliko ukali.

Jambo jingine. Mtoto hachezi kama zamani. Basi likipiga honi alikuwa anaruka, mpaka Zubeda alikuwa anamwita kondakta. Leo honi zimelia mchana kutwa, kimya. Mara moja tu kajigeuza, polepole.

Nimemwambia mama. Kasema mtoto akikua nafasi inabana, halafu watoto nao hulala. Amesema hivyo, lakini kisha nimemwona amesimama jikoni hafanyi kitu, na mama hasimami hivi hivi.

Nakaa, nainuka. Natoka uani, narudi. Sijui nataka nini. Nataka apige teke.


Ijumaa, 23 Januari

Nimelazwa. Zubeda ndiye aliyenileta, kaniweka kwenye bajaji kwa nguvu, mama nyuma na kapu.

Daktari wa wodi ni binti kijana, Daktari Koku, Mhaya, ana miezi michache tu Songea. Mpole lakini haachi jambo. Kasikiliza mapigo ya mtoto kwa muda mrefu hadi nikamchukia. Yapo, kasema. Yanakwenda haraka kidogo. Damu yangu imechukuliwa ikaoteshwe ionekane ina mdudu gani, lakini kipimo hicho hakifanyiki hapa, itasafiri. Wakati inasafiri anatibu anachokiona.

Kisha maswali. Nimekula nini wiki hizi. Nyama ya barabarani? Soseji? Kachumbari ya kununua? Viporo? Najibu hapana, hapana, kidogo, ndiyo. Akafika kwenye maziwa.

"Maziwa mabichi unakunywa?"

Mama kamjibu kabla sijafungua mdomo. "Hapana, daktari. Kwetu maziwa mabichi hanywi mtu. Huyu anakunywa yaliyoiva."

Nami nimetikisa kichwa kwamba ndiyo hivyo. Ni kweli. Maziwa mabichi yananinukia ng'ombe, siwezi. Daktari kaandika, akaendelea na swali jingine.

Nimeanzishiwa sindano za mshipani. Za nguvu, nesi kaniambia. Basi zifanye kazi.


Jumapili, 25 Januari

Hazifanyi kazi.

Homa iko pale pale. Jana ilishuka kidogo tukafurahi kama wajinga, jioni imepanda. Daktari Koku kasimama miguuni pa kitanda changu na uso wa mtu aliyepoteza ufunguo. Kauliza tena kuhusu meno, masikio, vidonda, safari. Sina. Sijasafiri. Nimekaa dirishani nakata tiketi za watu wengine.

Mtoto kacheza mara moja baada ya chai. Nimeweka mkono nikangoja tena, nimengoja mpaka mkono ukafa ganzi.

Siwezi kulala, siwezi kukaa. Kitanda, dirisha, choo, dirisha. Nesi kaniambia nitulie kwa faida ya mtoto. Nikamwambia anipe dawa ya kutulia kama anayo. Kanuna. Nimemwomba radhi baadaye kwa nusu moyo.

Mama analeta chakula kwenye hotpoti na mgando kwenye chupa. Ugali sigusi. Mgando nakunywa wote. Ndio unaopita.


Jumatatu, 26 Januari

Hili lazima niliandike leo.

Mama Fadhila, mgonjwa wa kitanda cha pili, anangoja kufanyiwa upasuaji. Ni mtu wa Tunduru, mchangamfu. Leo mchana mama kammiminia mgando kidogo. Kasifia sana. Akasema wa kwake kule nyumbani hutoka wa maji maji, siri ni nini. Mama hakuna kitu anachopenda kama kuulizwa hivyo. Kakaa vizuri kwenye stuli.

Nilikuwa nimefumba macho. Kamwambia chombo kiwe kikavu. Maziwa yakitoka kwa ng'ombe yachujwe hapo hapo, yaingie kwenye ndoo yenye mgando wa jana kidogo, yafunikwe, yaachwe yaive. Ukiona maji yanajitenga yameiva, weka kwenye friji, wiki nzima unakula.

Mama Fadhila akauliza, unayachemsha wakati gani?

"Nani achemshe? Ukiyapitisha kwenye moto umeyaua, hayaivi tena vizuri."

Nimefumbua macho.

Yaliyoiva. Mungu wangu. Ndizi nayo huiva, nani aliipika? Pale kitandani daktari alisema mabichi akimaanisha yasiyoona moto. Mama alisikia mabichi akimaanisha yasiyoganda bado. Kila mmoja kasema Kiswahili safi, kila mmoja kasema kweli, na mimi katikati nikatikisa kichwa. Nimeishi nyumba moja na ndoo ile mwezi mzima sijauliza. Jiko si langu tena, nilisema. Nikaishia kumlaumu kwa miiko na machujio.

Nimevuta stendi ya dripu nikaenda kumtafuta Daktari Koku mwenyewe. Mama ananiita nyuma, mwanangu unakwenda wapi. Sikugeuka. Nimemkuta kwenye korido na mafaili. Nimemwambia maziwa yote niliyokunywa tangu Krismasi hayajaona moto. Nikamweleza neno lenyewe. Kanitazama. Kafunga macho kidogo, kisha akasema kwao Bukoba ndizi ikiiva unaila hivyo hivyo, yeye ndiye alipaswa kuuliza kama yamechemshwa. Sikutaka msamaha wake. Nilitaka dawa.

Kaja kitandani akatueleza sote wawili, taratibu. Kuna mdudu, bakteria, anaitwa listeria. Jina zuri, kama la binti wa mjini. Anakaa kwenye maziwa yasiyochemshwa, kwenye nyama zilizosindikwa na soseji, kwenye vyakula vinavyowekwa tayari kuliwa. Ukali wa mgando haumwondoi wote. Na baridi ya friji haimuui. Wengine wanalala kwenye baridi, huyu anaendelea kuzaana humo humo, polepole. Moto ndio unaomuua.

Mama kauliza kwa sauti ndogo, mbona mimi nakunywa, mbona Zubeda kanywa vikombe viwili yuko stendi anapiga kelele. Swali zuri, hata mimi lilikuwa kooni. Daktari kasema mtu mwenye nguvu zake anaweza kuharisha siku moja akasahau. Mwenye mimba si hivyo. Mwili wake umeshusha kinga usimfukuze mtoto, kwa hiyo mdudu anapata mlango. Mama mtu anaona homa tu, mafua mafua. Mtoto ndiye anayeumia. Wengine wa kuogopewa ni wachanga, wazee, wenye kisukari, wenye virusi vya Ukimwi, wanaotibiwa saratani.

Hana uhakika, kasema. Damu haijarudi. Lakini sindano nilizokuwa napigwa, kama ni huyu, hazimgusi kabisa. Ni kama kumpigia kelele kiziwi. Hawezi kungoja. Kabadilisha leo leo, ampisilini kwa wingi, na nyingine ya kuisaidia. Mama Fadhila naye, kwa kidogo alichokunywa, kaambiwa akiona homa aseme mara moja.

Mama kainuka. Kachukua chupa ya mgando, kaenda kumwaga chooni, karudi kaikumbatia chupa tupu. Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Hakikuja. Nilikuwa nataka kumpiga. Naandika kama lilivyo.


Jumanne, 27 Januari

Deo kapiga simu. Mama yake alishampigia, analia. Deo hakuanza na hali ya mtoto, alianza na hali ya mama yake. Kwamba nimemwaibisha mbele ya daktari na wagonjwa. Kwamba mama alijinyima Krismasi kwake akaja kunilea. Kwamba ningeweza kungoja tukazungumza kifamilia.

"Mtoto wako hana muda wa adabu zenu," nimemwambia. Nikakata.

Halafu nimelia, maana ningekuwa yeye ningesema hayo hayo. Kapiga tena. Kasema anakuja na basi la kesho. Hatukutaja tena la mama.

Nimekumbuka Mzee Ngonyani. Kisukari, umri, na jagi linakwenda kila baada ya siku mbili. Nimempigia Zubeda, kaomba ruhusa kazini, kakimbia. Baada ya muda kanipigia hoi kwa kicheko na kilio pamoja. Mzee tangu utoto hawezi kitu kichachu. Alikuwa anampa mbwa, akirudisha jagi safi na shukrani tele, asimuumize mama. Mbwa kanenepa. Alhamdulillahi, kasema Zubeda, na mimi nikasema hivyo hivyo, Mkatoliki mzima.

Homa imeshuka. Imeshuka kweli, si ya kudanganya. Nimelowa jasho shuka zima.

Mtoto bado mapigo haraka. Sasa tumbo linakaza na kuachia.


Alhamisi, 29 Januari

Uchungu. Mapema mno. Wamejaribu kuuzuia, umekataa. Deo yuko nje, hajaruhusiwa kuingia. Siandiki tena.


Jumamosi, 31 Januari

Msichana.

Alizaliwa jana asubuhi. Maji yalitoka ya kijani, nikaona manesi wanatazamana. Hakulia. Nilikuwa nangoja alie, chumba kizima kikawa kinangoja, nikawa nauliza mbona halii, mbona halii. Wamempuliza pumzi. Kisha sauti, ndogo, kama mlango wa kabati. Wamenionyesha akiwa kwenye kitambaa, mwekundu, ana vipele mwilini, akapelekwa.

Yuko wodi ya njiti. Ana oksijeni, ana dripu kwenye mguu ambao ni kama kidole changu. Anapigwa dawa ile ile ninayopigwa mimi. Daktari Koku kasema bahati ni kwamba dawa ilimfikia kupitia kwangu kabla hajazaliwa. Nimemuuliza atapona? Kasema anapigana. Sipendi jibu hilo. Mtoto asipigane, mtoto anyonye.

Deo kamtazama kupitia kioo, katoka nje akakaa chini kwenye sakafu ya korido na suruali yake nzuri. Sikujua kama anaweza kukaa hivyo.


Jumatatu, 2 Februari

Nakwenda kumtazama, narudi, nakwenda. Nakamua maziwa yangu, anapewa kwa mrija. Kijiko kidogo cha maziwa, nashangilia kama kala sinia. Kila mashine ikilia nahisi ni yake. Mara nyingi si yake. Mwanamke wa jana tuliyekuwa tunakamua pamoja leo hayupo, na kikombe chake hakipo, na hakuna anayemtaja.

Mama haingii. Anakaa nje kwenye benchi tangu asubuhi mpaka watu wa kutazama wagonjwa watoke. Anafua nguo zetu, anapika, anamtuma Deo alete chakula. Chakula kimoto hadi kinaunguza. Uji unatokota, mchuzi unatokota, maji ya kunywa kayachemsha mpaka yananuka moshi. Mimi nakula bila kutuma neno. Deo anapita kati yetu kama mjumbe wa vita.

Leo kaniuliza nitazungumza lini na mama. Nimemwambia nikipata sauti. Sasa hivi sauti yote iko kwa mtoto.

Nina hasira naye. Nina hasira na ng'ombe. Na friji. Na mimi niliyetikisa kichwa. Hasira haina pa kukaa, inazunguka nami korido hii hadi nimechakaza ndala.


Alhamisi, 5 Februari

Majibu ya damu yamefika. Ni yeye. Listeria.

Moyoni nilikuwa nataka waseme hapana. Iwe kitu kingine, kisicho na mtu. Nadhani mama naye kila siku kwenye benchi alikuwa anaomba hilo. Deo ndiye aliyekwenda kumwambia. Nimewaona kwa dirisha. Mama hakulia. Kafunga kanga kiunoni, kaifungua, kaifunga tena.

Mtoto kaondolewa oksijeni kwa muda wa kujaribu. Kapumua mwenyewe. Nilikuwa nahesabu pumzi hadi nesi akanitoa kwa sababu nilikuwa nazizuia za kwangu.


Jumapili, 8 Februari

Oksijeni imeondolewa kabisa. Homa hana. Kanyonya kifuani mwenyewe leo, akachoka, akanyonya tena. Dawa bado atapigwa kwa wiki kadhaa, na baadaye watamtazama kichwa, masikio, macho, maana mdudu huyu huacha alama zake wakati mwingine. Daktari hakunificha. Lakini kasema neno "nyumbani". Si kesho. Kalisema tu.

Sasa ni zamu ya kangaruu. Mtoto anavuliwa, anabaki na nepi na kofia, anawekwa kifuani ngozi kwa ngozi, anafungwa kanga, anakaa hapo mchana kutwa. Joto la mtu linalishinda sanduku lolote la joto, nesi kasema. Nimekaa naye tangu jana. Mgongo umekufa, sijaoga, dripu yangu mwenyewe haijaisha. Nesi kauliza nani atanipokea. Deo kalazimika kurudi Tunduru. Zubeda yuko kazini.

Nilijua jibu. Nesi kaenda kumwita.

Mama kaingia wodini mara ya kwanza. Kanawa mikono mpaka viwiko, kanawa tena bila kuambiwa. Nesi akamwonyesha kiti, akamwambia afungue blauzi. Mama hakukaa. Kasimama mbali na kitanda, mikono nyuma, akasema kwa sauti ya chini kwamba mikono yake si ya kumpa mtoto huyu, tumtafute mtu mwingine, hata Mama Fadhila.

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa wiki nzima, mengine makali. Nimeyatafuta pale sikuyaona. Mtoto alikuwa anahema kifuani kwangu, mimi nanuka jasho, na mbele yangu mwanamke mzima anaogopa kitu kisichozidi kuku.

"Mama," nimesema, "mshike. Mimi nimechoka."

Kakaa. Tumemfungua kwangu tukamfunga kwake. Mama kifua chake ni kipana. Mtoto kalalamika kidogo akatafuta mahali, akatulia. Mama hakumtazama, alitazama ukuta, machozi yanamtiririka na hayafuti kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika mgongo wa mtoto.

Hasira bado ninayo. Nadhani itakaa nami muda. Tutazungumza tukifika nyumbani, na si mimi peke yangu nitakayesema.

Nimekwenda kuoga. Maji yalikuwa ya baridi, nimekaa humo muda mrefu. Niliporudi nimekuta wamelala wote wawili, mama mdomo wazi. Sikuwaamsha.